Injini Inalia, Mashine Haiendi

Nyumba yetu iko karibu na ziwa. Tulikuwa watu wanne: mume wangu, mama yake, mdogo wake na mimi. Ufukweni mume wangu aliitwa Kapteni. Jina hilo alijipa mwenyewe. Shemeji yangu aliitwa Taratibu, na hilo alipewa na watu. Hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

Tulikuwa na pikipiki moja ya maji. Tuliwatembeza wageni ziwani, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Taratibu aliendesha. Kapteni alipokea wageni, aliwavalisha majaketi ya kuelea, na alizungumza. Kuzungumza alikuweza sana.

Kila asubuhi Kapteni aliwasha mashine kwenye maji ya magotini, mbele ya wageni. Alivuta mafuta kwa nguvu. Injini ilinguruma, maji na mchanga viliruka, wageni walipiga makofi.

"Kaka, hapo maji ni machache," Taratibu alimwambia. "Tuisukume mbele kidogo."

"Biashara ni matangazo, bwana mdogo. Wewe endesha tu."

Jumamosi moja wageni walikuwa wengi. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya buluu. Kamba ile ilikuwa yangu, ya kuanikia nguo. Kapteni aliichukua bila kuniuliza, na asubuhi hiyo nilikwenda ufukweni kuidai. Nikamkuta anahangaika na fundo. Fundo lilimshinda. Akatoa kisu, akakata kamba, kipande kirefu kikabaki kinaelea majini karibu na mashine. Akawasha hapo hapo. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Taratibu akampakia mama mmoja mgeni, wakaondoka. Walipofika mbali, mashine ikaishiwa nguvu ghafla. Sisi tuliokuwa nchi kavu tulisikia injini inalia kwa sauti kubwa, lakini mashine ilikuwa inatambaa tu. Upepo ukaanza kuisukuma kwenye mawe.

Taratibu alizima injini. Aliruka majini, akaikokota mashine kwa kuogelea hadi ufukweni. Mgeni alifika salama, ila alikuwa analia. Magoti ya shemeji yangu yalikuwa yamechunwa na mawe.

Kapteni hakuyatazama magoti hayo.

"Umefanya nini?" alifoka, wageni wote wakisikia. "Jana nani alijaza petroli?"

"Mimi, kaka."

"Basi umeweka petroli yenye maji! Umeniharibia injini! Umeniaibisha!"

"Kaka, injini ni nzima. Inalia vizuri. Tatizo ni kwamba haisukumi."

"Leo unanifundisha mimi?"

Siku ile Kapteni alimwaga petroli yote ya kwenye tangi, akaweka nyingine. Alibadilisha plagi zote. Akawasha. Injini ililia, mashine haikwenda. Kila kilichoshindikana kilimwongezea hasira.

Jioni alimwambia mdogo wake, "Kusanya vitu vyako. Sitaki kukuona hapa."

"Mwanangu, hasira hasara," mama mkwe alimsihi. "Huyu ni wa tumbo moja na wewe."

Kapteni alifungua mlango, akauacha wazi. Na mimi je? Mimi niliiona kamba ikikatwa. Nilijua kipande hakikuonekana tena. Lakini nilikuwa nimechoka na ugomvi, nikasema moyoni, ya ndugu hayanihusu. Nilikaa kimya. Shemeji alivaa begi lake mgongoni, akanipa mkono, akasema, "Shemeji, kwaheri." Naona aibu hadi leo.

Baada ya siku tano Kapteni alikubali kuita fundi. Alikuja mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza.

"Nguvu zilipopotea, injini ilikuwa inalia au inakohoa?"

"Kuna tofauti?" Kapteni aliuliza.

"Kubwa! Ikikohoa na kukatakata, tazama petroli na plagi. Ikipiga king'ora, taa ikawaka na ikakataa kwenda kasi, huenda imepata joto. Zima, usiilazimishe. Lakini ikilia kwa nguvu na haiendi, injini haina kosa. Tazama pampu."

"Ilikuwa inalia," nilisema mimi. Kapteni aliangalia chini.

Fundi alichomoa kikamba cha usalama, kile anachojifunga mwendeshaji mkononi, akakitia mfukoni mwake.

"Hii ndiyo hatua ya kwanza," alisema. "Bila kikamba hiki injini haiwaki. Usitie mkono chini ya mashine kikiwa mahali pake. Vidole havioti upya."

Tuliivuta mashine nchi kavu, tukailaza kwenye matairi mawili ya zamani. Fundi alimulika tumboni mwa mashine kwa tochi.

"Mashine hii haina panga la nje kama boti," alieleza. "Pampu yake inanyonya maji kwa mdomo huu wenye wavu wa chuma, inayarusha nyuma kwa nguvu. Ndiyo yanayoisukuma. Mdomo ukiziba, hakuna mwendo. Haya, tazameni wenyewe."

Alishika koleo, akavuta. Yakatoka majani ya ziwani. Yakafuatwa na kamba, ya buluu, imejizungusha ndani mara nyingi. Mwisho likatoka fundo. Lilikuwa la mwisho wa kamba yangu ya nguo, limefungwa mara mbili, ninavyofunga mimi peke yangu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alisema akicheka. "Nani alikuwa anaanika nguo ziwani?"

Hakuna aliyecheka naye.

"Mnaiwashia wapi?" aliuliza.

"Magotini," Kapteni alijibu polepole.

"Hapo inameza mchanga, majani na kamba. Isukume hadi maji yakufike kiunoni, ndipo uwashe. Na kila asubuhi, kabla ya kuiingiza majini, mulika mdomo wake. Ni kazi ya dakika moja."

Tuliijaribu. Iliondoka kwa kasi, kama zamani. Hakuna kilichokuwa kimevunjika.

Usiku ule ule Kapteni alimpigia simu mdogo wake. Tulisikiliza sote.

"Tumelipata tatizo," alisema. "Ilikuwa pampu. Ulisema kweli. Nisamehe, rudi nyumbani."

"Nimekusamehe, kaka," Taratibu alijibu. "Lakini hapa nina kazi, na hakuna anayenifokea. Msalimie mama."

Simu ikakatika. Mama mkwe akamtazama mwanawe mkubwa.

"Injini uliiitia fundi," alisema. "Mwanangu ulimwitia nani?"

Sasa Kapteni haiwashi mashine magotini. Anaisukuma hadi kiunoni, hata wageni wakiwa na haraka. Mwaka mzima mashine haijaishiwa nguvu. Wageni wanatusifu, na ni kweli, tumejifunza.

Jaketi la Taratibu bado liko kwenye msumari wake. Asubuhi Kapteni analipangusa vumbi, kisha anachukua tochi na kwenda kupiga magoti kando ya mashine. Anamulika mdomo wa pampu, anasema kwa sauti, "Pako safi." Anangoja kidogo, kama mtu anayetaka kuitikiwa. Halafu anaisukuma majini peke yake.