Mume Wangu Alilisoma Daftari Langu la Karate

Nina miaka thelathini na nne, wasomaji wenzangu, na mkono wangu wa kushoto haunyooki tena. Hata kitambaa cha kichwa nafungiwa na jirani. Naishi peke yangu Mashimoni, Kibera... mimi niliyekuwa na mume na watoto wawili!

Wakati huo tulikuwa Kawangware. Mimi nilikuwa fundi wa nguo pale Soko la Toi, na mume wangu Wycliffe alikuwa seremala. Sote tulitoka Magharibi mwa Kenya. Tulipanga chumba kimoja cha mabati, tukala tulichopata, na majirani walitusifu kwa amani yetu.

Jioni moja nikitoka sokoni, wahuni wawili waliniangusha kwenye matope wakaninyang'anya nguo za wateja. Nilifika nyumbani nikilia. Wycliffe alinipangusa matope kwa mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Mama Rose, pale kwa kanisa kuna klabu ya karate. Enda ujifunze. Mimi siwezi kukusindikiza kila siku."

Ndiyo, ni yeye aliyenituma. Yeye mwenyewe!

Mwalimu wetu aliitwa Kamau, mtoto wa mwenye ploti iliyo karibu na kanisa, tuliyofanyia mazoezi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Kamau alitaka kila mmoja wetu awe na daftari. Ukimaliza mazoezi unaandika umefanya nini, umeshindwa wapi na mwili unauma wapi. "Usijidanganye ndani ya hiyo daftari," alituambia. "Ukijidanganya huko, utapigwa huku nje."

Sikujidanganya. Niliandika kwamba teke langu la kulia lina nguvu, lakini nachelewa kurudisha mguu chini. Niliandika kwamba nikiogopa nasahau kupumua. Na mara nyingi niliandika kuhusu mkono wa kushoto, maana nikiwa msichana nilianguka nikaumia kiwiko. Mtu akinishika hapo akauzungusha mkono kwa nyuma, nilikuwa sijui kabisa kujitoa.

Lo, nilivyolipenda daftari lile! Sikuwa nimeandika kitu tangu niache shule darasa la sita. Sasa nilijiona kwenye karatasi, wiki baada ya wiki, nikigeuka kuwa mtu mwingine. Lilipojaa nikanunua la pili.

Shida ilianzia kwenye chang'aa, ile pombe kali ya mtaani. Marafiki wa Wycliffe walianza kumchokoza. "Leo umeruhusiwa kutoka?" "Bibi akikupiga utalilia nani?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa anarudi amenuna, chakula hakimpendezi, watoto wanamkera.

Jumamosi moja aliinua mkono anipige kofi. Jamani, mkono wangu ulijiinua wenyewe! Nilizuia tu, sikumpiga. Lakini alikuwa amelewa, akayumba, akaanguka mlangoni mbele ya majirani wote. Wakacheka... Nilimwinua mimi, nikamwomba msamaha mimi.

Hakunisemesha kwa siku nyingi. Halafu akabadilika, akawa mtu mzuri ajabu! Akaacha kulewa. Nikikaa kuandika, anakuja kuketi karibu nami. "Niaje mwalimu, leo mmefanya nini?" Analichukua daftari, analisoma polepole, anauliza. "Hapa umesema mkono wa kushoto. Unashikwa aje hasa?"

Nami nikampa mkono wangu nimwonyeshe. Tukacheka pamoja! Ni mwanamke gani hangefurahi? Nilidhani mume wangu amerudi.

Ikafika Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, watoto wakabaki kwa jirani wakicheza. Nilikuwa na habari njema: Kamau alitaka nisaidie kufundisha wasichana wa mtaa. Nilimwambia Wycliffe huku nikivua viatu.

"Sasa wewe ndio mwalimu?" akauliza. Akafunga mlango kwa komeo.

Alipokuja nilirusha teke. Hakurudi nyuma. Alingoja mguu wangu uchelewe, kama nilivyokuwa nimeandika, akanisukuma. Nikiwa chini akanishika mkono wa kushoto, akauzungusha. Nilisikia mfupa kabla sijasikia uchungu.

Akainama sikioni mwangu. "Si uliandika mwenyewe?"

Hospitalini mfupa uliungwa vibaya. Cherehani hainitaki tena, maana mkono hauwezi kusukuma kitambaa. Nilikwenda kwa chifu nikiwa bado na plasta. Wycliffe alikuwa ametangulia, ameketi na daftari mapajani! Akamsomea chifu kwa sauti: "Leo nimepiga vizuri. Naanza kutoogopa mwanaume."

Chifu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama, wewe ni mtu wa karate. Utapigwaje na seremala?"

Watu waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Mchungaji naye akanishauri nirudi nyumbani nitubu. Nikamkimbilia Kamau, nikijua yeye atanisemea. Hakuniangalia usoni. Alisema baba yake hataki mambo ya polisi kwenye ploti yake, na kwamba ni vizuri nisionekane pale tena.

Mungu wangu, ningeenda wapi? Nikarudi chumbani kwa Wycliffe.

Siku niliyokwenda kutolewa plasta, nilirudi nikakuta chumba kitupu. Wycliffe alikuwa amewapeleka watoto kwa mama yake, kule kwetu Magharibi. Niliwafuata. Binti yangu Rose, akiwa na miaka minane, alisimama nyuma ya nyanya yake. Nilimwita, nikamnyooshea mkono ule mzima. Akarudi nyuma.

"Baba alisema ulikuwa unajifunza kutuua."

Nimekwenda tena mara kadhaa. Mama mkwe hanifungulii mlango. Wycliffe ameoa mwingine, na mdogo wake Rose, naambiwa, humwita mwanamke huyo "mama".

Silaumu karate, wasomaji. Wala sisemi mtu asiandike anachojifunza. Lakini ninyi dada zangu, mkono wa mume ukiinuka mara ya kwanza, msifanye kama mimi niliyebaki kuomba msamaha. Ondokeni na watoto wenu siku hiyo hiyo, mkiwa bado wazima! Na mtu aliyeaibika mbele ya watu akianza ghafla kuwauliza kwa sauti tamu mnapoumia ni wapi... msimwonyeshe. Nawasihi, msimwonyeshe.

Mimi nimechelewa. Wanaotoka kwetu wananiambia Rose amerefuka, na sura ni yangu kabisa. Sijui kama ningemtambua akipita mbele yangu. Ninachojua ni kwamba yeye akinitambua, atakimbia.