Jina la Jirani

Jua lilikuwa likizama Ukunda Twaiba alipojitanda leso akamwambia jirani yake, Kadzo, "Shoga, naenda kununua mafuta ya taa." Uongo mtupu! Chupa ilikuwa imejaa pomoni. Alikuwa akienda kwa Kitonga, yule Mkamba aliyeleta kompyuta ya mtandao mwaka ule wa tisini na tisa, ikavuma kwamba humo ndimo wanamopatikana wachumba wa Ulaya.

"Andika jina," Kitonga akamwambia. "Weka yako ama ubuni tu. Nani atajua, siz?"

Twaiba ni mke wa mtu, lake hakuthubutu. Kubuni angeweza. Lakini Kadzo alikuwa akisifiwa mtaa mzima kwa adabu zake, na sifa za mwenzio huwasha kama upupu. Akaandika KADZO. Fedheha ikija, imfike huyo mtakatifu.

Maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kiswahili safi.

"Karibu, Kadzo. Mama yako anaitwa nani?"

Nani asiyejua? Mchawi hamchezei mtu kwa jina la baba. Hutaka la mama. Twaiba alilijua hilo tangu yuko mgongoni. Vidole vikasita... Kisha akajiambia, kwani ni mamangu mimi? Akaandika: Mejumaa.

Ikaingia harufu. Ubani, na chini ya ubani... nyama iliyooza.

"Nimekupata."

Twaiba akatoka mbio. Alipofika uani kwao, akasikia sauti nyuma ya ua wa makuti. Nyororo, kama ya mtoto.

"Kadzo wa Mejumaa..."

Magharibi ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Lakini Kadzo, ndani kwake, alikuwa akimngojea mwenzake. Twaiba alitaka kupiga ukelele: usiitike! Ila akipiga ukelele ataulizwa amejuaje. Akajiziba mdomo kwa leso.

"Abee! Twaiba? Umerudi, mwenzangu?"

Sauti haikuita tena.

Kulipokucha Kadzo hakulijua jina lake. Ukimwita, hageuki. Macho makavu, mwili baridi kama mtungi. Akaletwa mganga, Bibi Shutu wa Msambweni. Akamnusa mgonjwa utosini, akanong'ona:

"Jina lake limetolewa, na la mamake. Aliyelitoa akalikomboe kwa lake mwenyewe na la mamake mwenyewe. Naye yumo humu ndani."

Wanawake wakatazamana. Twaiba akatazama kuku.

Lakini alikwenda, msimseme sana. Jioni ile ile akaketi mbele ya kioo, akaandika TWAIBA.

"Karibu, Twaiba. Mama yako anaitwa nani?"

Mamake yu hai, yuko Vanga, mzee wa kushikwa mkono. Harufu ikaja tena. Hata Kitonga akaziba pua. Twaiba akainuka hajaliandika, akakimbia, viatu akaviacha.

Kitonga alihama mwezi ule ule, kompyuta akaitupa. Aliambiwa simu za Ukunda nzima, ambazo mtandao ulipitia, zilikuwa zimekufa tangu adhuhuri, siku ile ya kwanza. Sasa Twaiba aliongea na nani? Wallahi, hakuna ajuaye.

Kadzo hakufa. Hula, hufagia, hucheka kidogo. Na kila magharibi huja mlangoni kwa Twaiba na adabu zake zile zile.

"Shoga, wewe tumekua pamoja. Mimi naitwa nani?"

Twaiba huinamisha kichwa. "Kadzo," humnong'oneza.

"La. Huyo aliitwa, akaenda." Humsogelea, na ubani hunukia. "Kwani wewe, pale uani... hukusikia akiitwa?"