Hasara Ambayo Haikuwepo

Kila asubuhi karakana ilipofunguliwa, sauti ya kwanza kusikika haikuwa ya nyundo. Ilikuwa sauti ya dada.

"Karibuni! Leteni karanga zenu mjaribu hapa hapa. Ikivunjika hata moja, chukua mashine bure!"

"Dada, utanifilisi wewe," mdogo wake alimjibu kutoka ndani, akicheka.

Mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Cheche. Alikuwa amebuni mashine ya mkono inayobangua karanga bila kuzivunja. Hakutaka watu waiige, kwa hiyo aliiombea hataza. Hataza ni haki ya kisheria. Inampa mbunifu peke yake ruhusa ya kutengeneza na kuuza kitu alichobuni, kwa muda maalumu.

Hataza haikupatikana bure. Palikuwa na ada za ofisi, malipo ya wakili, na malipo ya mchoraji aliyeichora mashine kila upande. Jumla ilifika shilingi milioni kumi. Cheche alikuwa na tano. Tano nyingine alizitoa dada yake.

Dada alikuwa mshonaji. Ili azipate, aliuza cherehani zake zote, akakiacha na chumba chake cha kushonea pale barabara kuu.

"Una hakika, dada?" Cheche alimuuliza.

"Wewe ndiye mdogo wangu. Nisipokushika mkono wewe, nimshike nani?"

Wakawa wabia, nusu kwa nusu.

Mwaka wa kwanza mashine ziliuzika vizuri. Mwisho wa mwaka Cheche alikaa mezani kupiga hesabu, dada yake mbele yake. Alitoa bei ya vyuma, mishahara na kodi ya karakana. Zikabaki milioni sita. Kisha akatoa milioni kumi za hataza, zote kwa mpigo.

"Tumepata hasara," alisema. "Milioni nne."

Dada alimtazama. "Yaani mwaka mzima tulikuwa tunajichimbia shimo?"

"Hesabu ndiyo inavyosema."

Dada alivuta pumzi. "Labda mimi ndiye nimekuletea mkosi. Ulikuwa unajimudu kabla sijaja. Acha nijitoe kabla hatujazama wote."

Cheche angeweza kumzuia. Hakumzuia. Alimpa milioni mbili, akaona amemfanyia wema, maana aliamini kwamba biashara haina kitu. Dada alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaenda zake.

Mwaka wa pili zilibaki milioni saba. Safari hii hapakuwa na hataza ya kulipia. Cheche aliingia nyumbani akipiga mluzi.

"Faida milioni saba, mke wangu!"

Mkewe hakushangilia. "Mwaka jana hasara nne, mwaka huu faida saba. Mmeongeza nini?"

"Hatujaongeza kitu. Mashine ni zile zile, bei ni ile ile."

"Basi hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Muulize jirani yetu."

Jirani yao alikuwa mama mmoja mhasibu, aliyezoea hesabu za viwanda. Alimkaribisha Cheche sebuleni, akazisoma hesabu za miaka yote miwili. Kisha akavua miwani.

"Baba, hii hataza inakulinda mwaka mmoja tu?"

"Hapana, mama. Sheria inanilinda miaka ishirini."

"Na mashine yako itauzika miaka yote ishirini?"

Cheche alijikuna kichwa. "Sidhani. Mafundi hawalali. Baada ya miaka kumi hivi, atatokea mtu na mashine bora kuliko yangu."

"Basi tumia kumi. Siku zote chukua muda ulio mfupi. Sheria ikikulinda miaka ishirini lakini mashine italeta fedha kwa miaka kumi, gharama unaigawa kwa kumi."

"Lakini mama, zile fedha zilitoka zote mwaka wa kwanza. Nilizilipa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Zilitoka, ndiyo. Lakini hukuzitupa. Ulinunua haki, na haki hiyo ni mali kama ile mashine yako ya kuchomelea. Inakufanyia kazi miaka kumi, na kila mwaka unatumia kipande chake. Kwa hiyo kila mwaka unatoa kipande kimoja tu: milioni moja. Ukitoa zote mwaka wa kwanza, mwaka huo unaubebesha mzigo usio wake. Miaka inayofuata inaonekana ina faida kubwa, kumbe imepanda bure bila nauli."

Cheche alitabasamu kidogo. "Na vyuma nilivyoharibu kwenye majaribio?"

"Hivyo ni gharama ya mwaka ule ulipoviharibu. Usivichanganye na hataza. Kwenye hataza weka ulicholipa ili kuipata haki yenyewe: ada, wakili, michoro."

"Kwa hiyo mwaka wa kwanza..."

"Sita, toa moja. Mlipata faida ya milioni tano. Tena mlikuwa bado na hataza yenye thamani ya milioni tisa. Na mwaka huu faida yako si saba, ni sita."

Tabasamu likamtoka Cheche. Aliichukua karatasi ya mwaka wa kwanza, akaisoma tena.

"Mbona hufurahi, baba? Hizo si habari njema?"

"Nilimwacha dada yangu aondoke kwa hesabu ile," alisema.

Kesho yake alimfuata dada kazini. Alimkuta katika duka la watu, anashona sare za shule kwa cherehani isiyo yake. Chumba chake cha zamani kilikuwa kimeshapangishwa kwa mtu mwingine, na wateja wake walikuwa wametawanyika.

Cheche alimweleza yote, bila kujitetea. Kisha akaweka bahasha juu ya meza.

"Nusu yako ya faida ya miaka miwili ni milioni tano na nusu. Mbili ulishapata. Humu mna tatu na nusu. Na nusu ya hataza bado ni yako. Nisamehe, dada."

Dada aliikunja sare aliyokuwa akishona. "Unajua nilivyokuwa nikilala? Nilijiona mkosi. Mtu akiniita nishirikiane naye, nakataa. Nasema nisije nikamharibia na yeye."

"Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Ulipaswa," dada alisema. Aliichukua bahasha.

Tangu hapo hesabu zilipigwa sawasawa, na dada alipata nakala yake kila mwaka. Mwaka wa tatu ulipoanza tu, kiwanda kimoja kilileta mashine ya karanga ya umeme. Cheche alikimbilia kwa mhasibu.

"Hataza yangu itanifaa miaka minne tu sasa."

"Basi zile milioni nane zilizobaki, zigawe kwa minne. Utatoa milioni mbili kila mwaka."

Cheche alimpelekea dada habari hizo siku hiyo hiyo. Walikubaliana wasigawane faida yote, wakaanza kuweka akiba ya kubuni mashine mpya. Waliokuwa wakiuza mashine nyingine za mkono bila hesabu walishikwa hawajajiandaa. Wao wawili walikuwa tayari.

"Rudi basi, dada," Cheche alimwambia siku mashine mpya ilipokamilika. "Karakana ni yako. Wateja wanakuulizia."

Dada alimshika bega.

"Sina kinyongo na wewe, mdogo wangu. Ubia tutaendelea nao. Ila pale karakanani nimeshazoea kutokuwepo."

Cheche alimsindikiza mpaka kwenye duka la watu, akamwona anakaa mbele ya cherehani isiyo yake. Kisha akageuka kurudi kazini.