Mume Wangu Alinichagulia Klachi

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kibiti. Kwetu ni Maparoni, huko visiwani kwenye mikoko. Mguu wangu wa kushoto ulisinyaa kwa homa nikiwa mtoto, na hadi leo natembea kwa mkongojo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma mbele ya safari. Huruma sikuiomba nilipokuwa na gari, na leo pia siitaki.

Naam, nilikuwa na gari! Mimi, kiwete wa Maparoni!

Biashara yangu ilikuwa kaa. Wale kaa wakubwa wa mikokoni, wanaofungwa magando na kusafirishwa wazima. Zamani kwetu kaa alikuwa kitoweo cha asiyepata samaki. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakatokea matajiri kutoka Dar es Salaam wanawatafuta kama dhahabu. Kaa nilikuwa nawapokea kwa ndugu zangu pale Nyamisati, nawaleta Kibiti, matajiri wanawachukulia hapo. Lakini kaa akichelewa njiani anakufa, na kaa aliyekufa hana mnunuzi. Kila siku niliyokosa usafiri ilikuwa hasara.

Mjomba wangu aliyekuwa akiishi Temeke ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia magari yanayoshuka siku hizi kutoka Dubai mengine hayana klachi kabisa, ni otomatiki, unaendesha kwa mguu wa kulia peke yake. Nilidhani ananitania. Akanikalisha kwenye gari la jirani yake, nikakanyaga mafuta, likaondoka... Jamani! Nililia huku nimeshika usukani.

Nikajinyima, nikauza hadi dhahabu zangu za harusi, nikanunua pikapu. Na hapo hapo nikafanya ujinga ambao wengi wenu mnaosoma mnaufanya sasa hivi. Kadi ya gari niliiandikisha jina la mume wangu, Baba Salma. Kwa nini? Kwa sababu mwali wa kwetu anafundwa na kungwi kumsitiri mume. Mume asionekane hana. Basi nikataka watu waseme Baba Salma kanunua gari, mkewe anamwendeshea tu.

Watu hawakusema hivyo. Vijana wa kijiweni walimbatiza jina, utingo wa mkewe, mpakia mizigo tu. Nilisikia, nikacheka, nikadhani na yeye anacheka. Kumbe!

Kwa muda nilikuwa mtu. Asubuhi Nyamisati, mchana Kibiti. Wanawake waliokuwa wananipita barabarani wakawa wananipungia mkono niwape lifti. Nikirudi nyumbani Salma anapanda nyuma anahesabu kaa waliotoroka kwenye matenga.

Masika moja nikaingia bondeni, maji yakiwa yamejaa kuliko nilivyodhani. Gari likanywa maji. Fundi Shomari, mwenye gereji pale Kibiti, alipofungua oili ya gia ilitoka kama chai ya maziwa.

"Mama Salma, hii gia boksi imekwisha," akaniambia. "Na otomatiki hapa Kibiti nzima hakuna wa kuifungua. Tukufungie gia za kawaida."

"Za klachi?" nikamuuliza. "Na mguu huu?"

Hakunicheka. Nampa haki yake hapo, na ndiyo haki pekee atakayoipata kwangu. Alinieleza kwamba injini ya otomatiki haina flaiwili, ule mduara mzito wa chuma unaokaa nyuma ya injini, ambao klachi inaubana. Kwa hiyo lazima tununue vyote viwili, flaiwili na klachi yake. Tena kuna aina mbili zinazokubali kwenye gari lile. Ipo nzito, ya malori madogo, yenye springi ngumu, na ipo nyepesi, ya magari madogo. Nyepesi inakwisha mapema ukibeba mizigo mizito, lakini pedeli yake ni laini. Nikamwambia mimi nabeba kaa, sibebi magogo!

Pale gereji palikuwa na pikapu ya mnunuzi wa mpunga yenye klachi ya aina hiyo nyepesi. Fundi akaniruhusu nipande. Nikaweka mguu wangu wa kushoto kwenye pedeli, nikasukuma. Ikashuka. Nikaachia, nikasukuma tena, ikashuka. Mguu ulitetemeka, lakini ulifanya kazi. Unajua maana yake wewe mwenye miguu miwili mizima? Hujui.

Basi nikachagua. Klachi nyepesi, flaiwili nyepesi. Fundi alimwelekeza Baba Salma vizuri kabisa, mimi nikiwa nimesimama pale pale. Na nikamtuma yeye Dar es Salaam kununua, eti mwenye gari aonekane ndiye anayenunua vifaa vya gari lake. Sitara! Ningekuwa na akili ningepanda basi mwenyewe na mkongojo wangu.

Gari lilipokuwa tayari nilikwenda gereji nimevaa khanga mpya. Watu wamejaa. Nikakaa kwenye usukani, nikaweka mguu kwenye pedeli, nikasukuma... Haikwenda. Nikasukuma kwa nguvu zote, nikashika goti kwa mkono, nikasukuma na mkono. Ikashuka kidogo tu, mguu ukateleza, gari likaruka mbele likagonga mapipa ya oili chafu. Wakacheka. Hata sura zao bado nazikumbuka.

Baba Salma akaja dirishani na uso wa huzuni.

"Mke wangu, dukani zile nyepesi zimekwisha. Nimechukua hii nzito, ndiyo ya kazi. Utaizoea."

Nikamgeukia fundi. Fundi akainama kuokota mapipa.

Nilijaribu kuizoea, Mungu ni shahidi. Kila asubuhi nilikaa kwenye gari nikisukuma ile pedeli mpaka goti likavimba. Siku moja nilithubutu kwenda Nyamisati, gari likanizimikia kwenye kilima na matenga mazima ya kaa, nikashindwa kuliondoa. Jua likawaka. Kaa wote wakafa mbele ya macho yangu! Jioni yake Baba Salma alinikanda mguu kwa mafuta ya nazi. Alinikanda taratibu, akiniambia pole, pole sana, usijitese tena mke wangu, nipe mimi ufunguo. Nikampa. Tena nilimbusu mkono. Nikikumbuka busu lile natamani kuukata mdomo wangu.

Tangu hapo akawa yeye dereva. Matajiri wakazoea kumlipa yeye. Ndugu zangu wa Nyamisati wakazoea kumpimia yeye. Mimi nikabaki nyumbani kusuka matenga. Nikiuliza habari za mauzo naambiwa barabara mbaya, mafuta ghali. Vijana wa kijiweni wakaanza kumwita tajiri. Haukupita muda mrefu nikaletewa taarifa kwamba anaoa Ikwiriri, binti anaitwa Zaituni. Sikulia. Dini imemruhusu, nikasema, acha aoe. Je, ningesema nini tena, mwanamke asiye na kazi?

Siku moja baada ya ndoa hiyo nilikuwa sokoni Kibiti nikiuza mchele wa kupima. Nikaiona pikapu yangu inakuja. Kwenye usukani amekaa Zaituni! Msichana mwembamba, mikono kama vijiti vya mishikaki, anaendesha gari lililonishinda mimi niliyekulia kuvuta mitumbwi kwenye tope. Akaegesha, akashuka, akanijia kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nani kakufundisha kuendesha?"

"Baba Salma. Si kazi ngumu, bi mkubwa. Klachi yake laini."

Laini! Nikamwomba nikae kidogo ndani ya gari. Maskini hakujua lolote, akanifungulia mlango na kunishikia mkongojo. Nikaweka mguu wangu wa kushoto kwenye pedeli, nikasukuma. Ikashuka mpaka chini.

Nilibaki nimeikanyaga hivyo hivyo, nikihema. Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia. Nikawasha, nikatia gia, nikaondoka. Zaituni alibaki kasimama sokoni na mkongojo wangu mkononi.

Sikwenda mbali. Nilikwenda gereji kwa fundi Shomari, nikasimamisha gari mbele yake. Nikamuuliza klachi hii ametoa wapi. Akaniambia yote. Baba Salma alirudi kutoka Dar es Salaam na maboksi mawili, safari ile ile niliyomtuma. Moja klachi nyepesi na flaiwili yake, kama nilivyoagiza. La pili ile nzito. Akamwamuru afunge nzito na afunge mdomo. Nyepesi ilifichwa kwa mama mkwe wangu, nyuma ya magunia ya mpunga, mpaka alipotaka kumfundisha Zaituni, ndipo ikaletwa gereji ikafungwa.

"Ningefanyaje, Mama Salma? Kadi ina jina lake," akasema fundi.

Ungefanyaje? Ungesema! Uliona mguu wangu unavyovimba ukanyamaza!

Baba Salma alikuja na mgambo. Nilitolewa kwenye gari langu mbele ya watu, na kwa kuwa mkongojo sikuwa nao, nilikaa chini mavumbini. Nikamuuliza hapo hapo, kwa nini? Akajibu kwa sauti ya chini, lakini niliisikia.

"Ulitaka niitwe utingo mpaka nife?"

Wazee walikaa kikao. Wakatazama kadi. Jina la nani? La Baba Salma. Basi gari ni la Baba Salma. Nilipewa talaka na matenga yangu, nikaondoka na mwanangu.

Sasa ninawaambia nyinyi mnaosoma, hasa wanawake wa pwani mnaofundwa kama mimi nilivyofundwa. Mumeo msitiri aibu yake, sikatai. Lakini usimsitiri kwa mali yako! Kadi iandikwe jina lako. Na chombo utakachokikanyaga kwa mguu wako mwenyewe, nenda kakichague mwenyewe, ukinunue mwenyewe, ukae pale gereji mpaka kifungwe. Hata ukitambaa, nenda.

Mwaka huu, Ramadhani ilipokaribia, Baba Salma alituma wazee wawili kuniomba msamaha, kama desturi yetu ilivyo kabla ya kufunga. Sukari na tende mkononi. Nikawaambia sukari warudi nayo. Mimi nataka jambo moja, aje yeye mwenyewe sokoni, siku ya gulio, aseme mbele ya watu kwamba gari lilikuwa langu na klachi nzito alinifungia makusudi. Akisema hayo, nitasamehe papo hapo.

Hakuja. Nilifunga mwezi mzima, nikala Idi na mwanangu, na sijamsamehe. Na wewe unayesoma, usijisumbue kuniandikia barua ya kuniambia nisamehe.