Daftari la Waposaji

Kila jioni, kabla hata ya kuvua sare ya shule, Maswali alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya stoo kuwaona nzi wake. Jina hilo la Maswali alipewa na wenzake wa darasa la saba, naye hakulikataa, maana kweli maswali hayakumwishia. Nzi wenyewe walikuwa wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Waliishi katika chupa mbili zilizozibwa kwa vizibo vya pamba, wakila ndizi iliyopondwa na kuchanganywa na hamira.

"Vipi, kuna aliyekubaliwa leo?" mama yake alimtania kutoka jikoni.

"Wanne wameposa, mama. Majibu ya wachumba sijui!"

Nzi hao alipewa na shangazi yake, fundi wa maabara. Shangazi alimweleza kwamba nzi dume akitaka mwenzi humfuata jike, hunyoosha bawa moja na kulitetemesha mpaka litoe wimbo. Hafundishwi na mtu. Wimbo huo huongozwa na jeni, yaani maelekezo madogo sana mwilini ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Chupa moja ilikuwa na nzi wa kawaida, na ya pili nzi wenye jeni moja iliyobadilika. Je, madume wa chupa ya pili nao wangeposa?

Maswali alikuwa akimweka dume mmoja na jike mmoja katika kijichupa, anawatazama kwa kioo cha kukuzia kwa dakika kumi, kisha anaandika daftarini: "Ameposa" au "Hakuposa". Shule ingepeleka mradi mmoja tu kwenye maonyesho ya sayansi, naye alitamani uwe wake kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya saba alijumlisha. Nzi wa kawaida: kumi na mmoja kati ya ishirini wameposa. Wenye jeni iliyobadilika: tisa. Karibu sawa! Alishika tama. Kisha akavitazama vizibo viwili alivyokuwa amevitoa ili aweke chakula. Kimoja kiliandikwa "Kawaida", kingine "Jeni". Masikini Maswali! Alama alikuwa ameziandika kwenye vizibo badala ya chupa, na kila jioni alivitoa vyote viwili na kuvirudisha bila kuangalia kipi ni cha wapi.

Kesho yake alimsimulia Chapuchapu, jirani yake wa dawati, ambaye hakuwahi kukosa njia ya mkato.

"Mbona rahisi? Walioposa wote waandike wa kawaida, wasioposa waandike wenye jeni. Nani atajua? Nzi hawasemi!"

"Mimi nitajua. Nitakuwa nimetunga jibu, halafu nimelitafutia swali."

Alipiga moyo konde, akaenda ofisini kwa mwalimu wa sayansi na kueleza kila kitu. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Orodha inafungwa Ijumaa ijayo," alisema. "Usipokuwa na matokeo, nitapeleka mradi wa kuchuja maji."

"Nitakuwa nayo, mwalimu."

Shangazi alileta nzi wapya. "Safari hii andika kwenye chupa yenyewe, mwanangu," alisema, akijizuia kucheka.

"Andika wewe, shangazi. Namba moja na namba mbili tu. Usiniambie ipi ni ipi. Siri itie kwenye bahasha, uifunge, umpe mwalimu."

Shangazi alimtazama kwa fahari. "Hapo umenikosha!"

Maswali alifanya kazi wiki nzima bila kuchoka. Chupa namba moja: kumi na saba kati ya ishirini waliposa. Namba mbili: wawili tu. Mwalimu aliyaona matokeo, akaandika jina lake kwenye orodha.

Siku ya maonyesho, ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Jaji mkuu alisoma maneno "Ameposa" na "Hakuposa", akacheka mpaka miwani ikateleza puani. Kisha akauliza kwa sauti nzito, "Ipi yenye jeni iliyobadilika?"

"Namba mbili."

"Na hao wawili walioposa?"

"Sijui bado. Nadhani jeni ina nguvu, lakini haiamui kila kitu."

Mwalimu alitoa bahasha. Jaji akaichana mbele ya watu wote na kusoma: "Namba moja, kawaida. Namba mbili, jeni iliyobadilika."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Maswali aliruka juu, Chapuchapu akimshangilia kuliko wote, na mradi wake ukatangazwa wa kwanza. Kabla makofi hayajaisha, alikuwa ameshafungua daftari na kuandika swali jipya: wale wawili waliposaje?

Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake nje ya ukumbi.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Kama mwenzenu angepanga majibu, bahasha isingekuwepo, na leo tungekuwa tumebeba uongo wenye jedwali zuri. Kosa ukilisema, unapata nafasi ya kulirekebisha. Ukilificha, unalilea."