Herufi Moja kwenye Mstari wa Kumi na Nne

Piii! Mlio mmoja mrefu, kisha kimya.

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya jopo la walimu, kikokotoo cha grafu cha msichana waliyemwita Pilipili kilikatisha mchoro. Kiooni yalibaki maneno: HITIRAFU. MSTARI 14.

"Programu imekutana na sifuri kwenye kugawanya, ikafa," alisema mwenyekiti wa jopo. "Umetoka mashindanoni, binti."

"Haikufa, mwalimu. Imeuawa." Pilipili hakuinamisha kichwa. "Niliiandika hivi: ukikuta sifuri, ruka nukta hiyo, endelea kuchora. Mtu amefuta. Nipe nusu saa."

"Dakika ishirini."

Alifungua programu. Mstari wa kumi na nne haukuwa wake. Penye amri ya kuruka palikuwa na amri ya kusimama na kutoa neno lile. Kumbukumbu ya kikokotoo ilionyesha ulibadilishwa saa mbili na nusu, vikokotoo vyote vikiwa stoo. Kwa daftari la mlangoni, saa hiyo waliingia humo wawili tu: mtunza stoo, na mshindani wake, mvulana waliyemwita Profesa, aliyefuata betri.

"Mwenye ufunguo ni huyu mzee," Profesa aliharakisha kusema. "Mimi nimefika ukumbini sasa hivi. Hicho kioo chenu hata sijakiona."

"Mwanangu, mimi hata simu yangu hunishinda!" Mtunza stoo aliuweka ufunguo mezani.

"Tulia, babu. Kila mmoja aandike: sikusababisha hitilafu."

Mzee aliandika polepole, kama anayechonga. Profesa alimaliza kwa mbwembwe. Pilipili akainua karatasi ya Profesa mbele ya jopo.

"Someni. *Hitirafu*, kwa R, kama kiooni. Mimi huandika kwa L, kagueni programu zangu zote. Babu pia ameandika kwa L. Na huyu anasema kioo hajakiona!"

"Herufi moja si ushahidi!" Profesa alifoka.

"Kwenye programu herufi moja huangusha kila kitu. Hukufundishwa?"

Profesa aliketi kama gunia. "Miaka mitatu wa kwanza ni mimi. Baba ameshautangazia ukoo mzima. Programu yako inaruka sifuri, yangu inakwama palepale. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

Mwenyekiti alivua miwani. "Binti, tukuahirishie hadi kesho?"

"Hapana." Vidole vyake vilikuwa tayari vinaurudisha mstari. "Chagueni sifuri mnayoitaka, mwalimu, muiweke popote. Nawaahidi mbele ya ukumbi huu: grafu yangu itairuka, na itafika ng'ambo."