Moshi wa Maganda ya Korosho

Adija aliishi pembezoni mwa mji wa Masasi, nyuma ya kiwanda cha korosho. Mumewe, Salmini, alikuwa mbanguaji kiwandani humo, akitoa korosho kwenye maganda. Ugali wa nyumba ile ulitoka huko huko. Binti yao, Shamila, alisoma darasa la pili. Alikuwa mtoto mwenye maneno mengi, lakini mwaka ule kikohozi kilimnyamazisha.

Huku kwetu mtu akikohoa, lawama ya kwanza huangukia salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Shamila alikuwa likizoni kwa bibi yake, kijijini Chiwata. Adija alipopata habari kuwa upulizaji umeanza, alimfuata upesi.

"Mwanangu ana kifua. Salfa itammaliza," alisema, akamrudisha mjini.

Msimu wa salfa ukapita. Watu wakaanza kuokota korosho. Shamila bado alikohoa, na sasa kifua kilikuwa kinalia. Adija aliogopa sana. Aliogopa kumzika mwanawe.

Siku moja alikuja Mama Dominika, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, mama," Adija alimwamkia.

"Marahaba, Mama Shamila. Mtoto mmempeleka zahanati?"

"Tumempeleka. Dawa anakunywa, anapata nafuu, halafu kikohozi kinarudi. Ni salfa tu hiyo, ilianza kupulizwa akiwa kwa bibi yake Chiwata."

"Salfa si ya kuchezea, kweli. Lakini sasa nani anapuliza?"

"Hakuna. Msimu umekwisha."

"Na kule Chiwata alikuwaje?"

Adija akafikiri. "Kule alikuwa anakimbizana na kuku."

Mama Dominika akanyoosha kidole. Moshi mzito ulikuwa ukishuka kutoka kiwandani hadi uani.

"Wanachoma nini pale?"

"Maganda ya korosho."

"Wewe umewahi kubangua. Mafuta ya ganda yakikugusa?"

"Yanababua vidole, mama. Lazima ujipake majivu kwanza."

"Basi ganda linalobabua vidole, moshi wake unakifanya nini kifua cha mtoto?"

Adija akashika mdomo. Kumbe alikuwa amemtoa mtoto kwenye hewa safi, akamleta kwenye moshi!

Salmini alikuwa akisikiliza mlangoni. "Mnataka kiwanda kifungwe?" aliuliza kwa hasira. "Tutakula nini?"

"Hakuna aliyesema kifungwe, Baba Shamila," alijibu Mama Dominika. "Maganda yakikamuliwa mafuta kwanza, yakakaushwa, yakachomwa kwenye tanuru zuri lenye bomba refu na chujio, moshi unapungua. Sheria inawataka wafanye hivyo. Anayekosekana ni kiongozi wa kuwabana. Na uchaguzi wa mtaa umekaribia."

Kwenye mkutano wa kampeni, Adija alisimama mbele ya wagombea, Salmini akiwa ameketi kando yake.

"Watoto wetu wanakohoa. Mtaufanya nini moshi wa kiwanda?"

Mgombea wa kwanza, Mzee Hamudi, alicheka. "Moshi ndiyo maendeleo, mama! Penye moshi pana kazi." Watu wake wakapiga makofi.

Wa pili alikuwa Shamsia, mkulima.

"Mimi nina mikorosho," alisema. "Zamani mvua tuliijua. Siku hizi inanyesha mikorosho ikiwa na maua, maua yanapukutika. Hewa tukiichafua, majira yanaharibika na hasara inaturudia sisi. Nikichaguliwa, nitamwita afisa mazingira twende naye kiwandani. Na ninyi mje, msiniache peke yangu."

Wakiwa njiani kurudi, Salmini aliutazama moshi wa kiwanda. Kisha akasema, "Mzee Hamudi ni jamaa yangu. Lakini Shamila ni mwanangu."

Shamsia alishinda. Alikwenda kiwandani pamoja na afisa mazingira, kina mama wakiwa nyuma yake. Meneja aliwazungusha, njoo leo, njoo kesho. Hawakuchoka. Mwishowe afisa akatoa amri ya maandishi, na kiwanda kikajenga tanuru jipya. Hakuna mbanguaji aliyepoteza kazi. Moshi haukuisha wote, lakini ulipungua sana, na kikohozi cha Shamila kikapungua nao.

Maulidi yalipofika, watoto wa madrasa walisimama kuimba kaswida. Shamila ndiye aliyeongoza. Aliimba beti zote, mwanzo hadi mwisho, bila kukohoa hata mara moja.

Adija alilia mbele za watu.

"Mama Shamila, kulikoni?" Salmini alimnong'oneza.

"Niache nilie, baba. Mtoto anapumua."